Bibi Aliyeuzwa Mara Tatu

Mji ulikuwa umemwishia Shemeji. Hakufukuzwa na mtu. Ni mitaa tu iliyokuwa ikimpungukia. Mtaa wa maseremala hakupita kwa sababu aliwahi kuwauzia mbao zilizokuwa bado ni mti, na mti wenyewe ulikuwa ndani ya uzio wa jela. Mtaa wa wauza samaki hakupita kwa sababu ya jambo ambalo wauza samaki wenyewe wanaona aibu kulisimulia. Kwa hiyo kila alipotaka kutoka chumbani kwake kwenda gatini, safari ya kutafuna kipande kimoja cha muwa, ilimbidi azunguke nyuma ya bohari za nafaka, apenye uani kwa fundi cherehani, aruke mtaro, na ndipo aone maji.

Jina lake hasa hakuna aliyelijua. Aliitwa Shemeji kwa kuwa yeye alimwita kila mtu shemeji, na katika mji wa bandari, ambako watu wa makabila yote wameoana mpaka hesabu ikapotea, nani atakayeapa kwamba hana dada aliyeolewa mahali? Mtu akishaitwa shemeji hulegea. Yeye akilegea, na mfuko wake unalegea. Shemeji mwenyewe hakuwa na dada wala kaka. Aliletwa na boti akiwa mtoto mdogo, boti ikaondoka, yeye akabaki.

Alichotaka sasa kilikuwa kidogo na cha halali, na labda ndiyo maana kilimnyima usingizi. Huko chini, mto unapoingia baharini, kinyozi mmoja mzee alikuwa anauza duka lake: viti viwili vya kuzunguka, kioo cha ukuta mzima, dirisha linaloangalia meli. Shemeji alijifunza kunyoa ujanani na mkono wake ulikuwa bado mwepesi. Mzee alikubali kumsubiri mpaka wiki ya sherehe za bandari iishe. Baada ya hapo duka lingekwenda kwa muuza simu. Huko hakuna aliyemjua. Huko angepita mtaa wowote, tena katikati ya barabara, mchana.

Tatizo ni kwamba mzee hakuuza duka kwa maneno, na Shemeji hakuwa na kingine.

Sasa sikiliza bahati inavyomtafuta mtu asiyestahili. Bandari ilikuwa inatimiza miaka mia, na mji mzima ulikuwa umepandwa na wazimu wa bendera. Kila mtaa ulikuwa na bendi, na kila bendi ilikuwa inafanya mazoezi saa ileile. Watu wa juu ya mto walipiga ngoma zao, watu wa milimani wakapuliza pembe zao, na watu wa ng'ambo, ambao hawana ngoma wala pembe, wakapiga masufuria kwa bidii iliyowatia wivu wenye ngoma na pembe. Wote hawa walikubaliana jambo moja tu la historia: kwamba kabla ya gati, kabla ya ushuru na polisi wa ushuru, palikuwa na mwanamke aliyewasha moto ukingoni akawapikia uji wenye mitumbwi. Hakuuliza mtu anasema lugha gani. Aliuliza kama amekuja na bakuli. Walimwita Mama Moto, na mji ukakua kuzunguka chungu chake. Ila alikuwa wa kabila gani? Hapo ndipo watu walipovunjiana viti.

Siku moja gari la matangazo likapita na sauti ya meya. Wajukuu wa Mama Moto wakipatikana, ilisema, watakaa kwenye boti ya kwanza ya maandamano, na watakabidhiwa ghala kubwa la gatini wafanyie biashara, wao na vizazi vyao.

Wakati huo Shemeji alikuwa amesimama mbele ya studio ya mpigapicha mmoja, aliyekuwa na tabia ya kuweka dirishani picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Katikati yao alikuwepo bibi mmoja, mkono kiunoni, jicho moja limefumbwa nusu, kama aliyetajiwa bei na sasa anangoja ipunguzwe.

"Huyu bibi ni nani?" Shemeji aliuliza.

"Mteja. Alikuja na kikundi cha maigizo, zamani. Akapiga picha, akasema anakwenda kuleta pesa. Nadhani bado anazitafuta."

"Nipe nimtafutie makazi. Tena nitolee nakala mbili."

"Mchukue," alisema mpigapicha. "Amenikazia jicho moja miaka yote hii mpaka mke wangu akauliza."

Asubuhi yake Shemeji alivaa miwani isiyo na nguvu, akafunga tai, akawa mtafiti wa koo za kale.

Alianza na tajiri wa vitambaa, ambaye watu wake waliteremka kutoka juu ya mto. Alimkuta anampimia mteja kwa rula iliyojulikana mjini kote kuwa fupi upande mmoja.

"Shemeji, samahani. Hebu geuka kwenye mwanga. Usicheke." Mtafiti akamtazama tajiri kwa huzuni ya kitaalamu. "Pua ni hiyohiyo."

"Pua yangu ina nini?"

"Yako? Pua si yako, shemeji. Ni yake." Akaiweka picha juu ya vitambaa. "Binti wa mwisho wa Mama Moto. Marehemu. Niliapishwa nisimpe mtu picha hii ila mwenye pua."

Tajiri aliishika pua yake kwa heshima mpya. Aliuliza gharama. Shemeji alirudi nyuma hatua moja, kama aliyetukanwa. Ukoo hauuzwi, alisema. Ila kama familia inataka kumheshimu marehemu, basi iwe kwa dhahabu, kwa kuwa pesa zina mdomo na dhahabu hunyamaza. Na jambo lenyewe libaki siri mpaka asubuhi ya sherehe. "Mji huu umejaa matapeli," alisema kwa uchungu, na hilo angeweza kuliapia popote. Akatoka na mkufu wa mke wa tajiri, mzito kiasi cha kumpinda shingo ng'ombe.

Bi Mashine alikuwa mgumu zaidi. Huyu alikuwa mwanamke wa milimani, mwenye mashine ya kusaga, na alizoea kutazama kila gunia hadi chini.

"Pua si yangu," alisema.

"Pua ni ya upande wa baba, bi mkubwa. Wewe tazama mkono ulivyokaa kiunoni."

Bi Mashine akautazama. Kisha akatazama mkono wake mwenyewe, ambao ulikuwa kiunoni, na macho yakamlowa. Akavua bangili alizorithi kwa mama yake, moja baada ya nyingine, akisema hatimaye zimepata mwenyewe.

Mzee Boti wa ng'ambo, mwenye boti nyingi kuliko meno, hakuitazama picha kabisa. Aliuliza swali moja: "Yule wa vitambaa ameshaomba?"

"Ameomba."

"Basi huyu ni bibi yangu," alisema Mzee Boti, akachomoa saa yake ya dhahabu na mnyororo wake.

Ndivyo bibi mmoja alivyouzwa mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Shemeji alifunga dhahabu kwenye mkoba wake wa nyembe, akakata tiketi ya boti ya kushuka, itakayong'oa nanga asubuhi ya sherehe kabla ya maandamano. Siri ingefichuka yeye akiwa ameshafika katikati ya mto, akiwaza rangi ya kupaka duka.

Na ingekuwa hivyo, kama Bi Mashine angeweza kunyamaza kwa mikono kama alivyonyamaza kwa mdomo. Alichapisha mifuko mipya ya unga yenye sura ya bibi, maandishi chini yake: Unga wa Bibi Yetu. Akaificha ghalani isubiri siku. Wapakiaji wake, ambao hakuna aliyewaambia kitu, wakapakia mifuko iliyokuwa karibu na mlango, ikapanda juu ya mto. Huko juu, bibi mmoja akaenda dukani kununua unga, akakutana na yeye mwenyewe. Akateremka mjini kuwatafuta wenye mifuko, na kila nyumba iliyokuwa na picha yake ikamtambua.

Kuamkia sherehe, alasiri, Shemeji aliitwa kwa Bi Mashine, haraka, jambo la familia. Alikwenda akifikiri ameongezewa bangili. Uani alikuta watu wa nyumba zote tatu wamejaa, wanasukumana, kila mmoja anasema "wetu". Kwenye kiti kizuri kuliko vyote alikaa bibi, mkono kiunoni, jicho nusu. Nyuma yake alisimama mzee mmoja mkimya wa kofia, ameshika kapu lake.

Shemeji akatazama mlango. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Boti, na Mzee Boti akisimama mlangoni, mlango unakwisha.

"Huyu hapa," alisema Bi Mashine. "Huyu ndiye aliyetuambia umefariki. Tena inaonekana alituambia wote."

Bibi akamtazama Shemeji kuanzia viatu. "Sogea hapa," alisema. Shemeji akasogea. Bibi akamshika kidevu, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia.

"Amekonda," alisema. "Nani amekuwa akimlisha mjukuu wangu wa kwanza?"

Shemeji alikuwa ameshafungua kinywa ili aseme uongo, akakuta uongo umeshasemwa, tena mzuri kuliko wake.

"Mtoto wa binti yangu mkubwa," Bibi aliwaambia watu. "Tulipotezana botini. Alidhani nimekufa, mimi nikadhani amekufa. Ninyi mtamlaumu mtu kwa kumlilia bibi yake?"

"Lakini Bibi," alisema tajiri wa vitambaa, "sisi watatu si ndugu. Huyu mama na mimi hatujasalimiana tangu kesi ya paa."

"Mwanangu, mimi nilizaa na mto. Mume wa kwanza aliteremka na vitambaa, wa pili akateremka mlimani na nafaka, wa tatu akaja kwa makasia. Wote walikuwa na njaa, mimi nina chungu cha mama yangu. Mnataka nieleze zaidi mbele ya watoto?"

Hakuna aliyetaka. Wataalamu wameandika vitabu vinene kuhusu mji ule na hawajaongeza kitu juu ya maneno hayo. Wenye ndugu wapya wakatazamana. Tajiri akapumua kwa nguvu, akamgeukia Bi Mashine, akasema, "Habari yako, binamu," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Nzuri, binamu," alijibu Bi Mashine. "Rula yako haijambo?"

Bibi akasema amechoka, mjukuu wake wa kwanza ampeleke akapumzike. Wakaingia ghalani, katikati ya mifuko yenye sura yake. Mzee mkimya akabaki mlangoni na kapu.

"Wewe ni tapeli," alisema Bibi.

"Na wewe ni marehemu."

"Afadhali mimi, nimepumzika. Umepata nini kwao?"

Shemeji akataja kidogo. Bibi akafumbua lile jicho la pili, na Shemeji akataja chote.

"Hicho ni kiingilio tu," alisema Bibi. "Kesho, mbele ya meya na mji mzima, wajukuu watamtunza bibi yao zawadi kabla hajapanda boti. Umemwona mke wa yule wa vitambaa? Ana dhahabu mpaka visigino. Lakini mtu hatoi cha maana mbele ya mkono mtupu. Lazima mmoja aanze, na aanze kwa kishindo. Na anayeanza ni mkubwa."

"Nianze na dhahabu yangu?"

"Dhahabu yako? Uliirithi lini?"

"Wataitambua, Bibi."

"Ndiyo raha yenyewe. Kila mmoja ataona alichompa marehemu kimemfikia marehemu mwenyewe, hakikupungua hata pete. Watakuamini mpaka uchoke. Kisha mimi nitavuka peke yangu na mpagazi wangu yule wa kapu, nikawashe moto ng'ambo kama mama yangu. Wao watangoja moshi. Mimi nitakungoja pale kwenye kona ya mto, nyuma ya kiwanda cha mbao. Nusu kwangu, nusu kwako."

Ilikuwa mbinu ya zamani, na Shemeji aliijua. Mjinga aweke chake kwanza ili kivute cha wengine: hiyo ndiyo iliyomfungia mtaa wa wauza samaki. Mtu mwingine angemwambia maneno hayo angecheka. Lakini alikuwa ameshikwa kidevu mbele ya watu na kuitwa mjukuu, na jambo hilo lilimwacha na ulegevu fulani kifuani ambao hakuutambua, ingawa alikuwa ameutia kwa watu wengine maisha yake yote. Isitoshe, viti viwili vya duka vilikuwa vimeshakuwa vinne. Akaongeza kioo cha pili. Akaajiri mfagiaji, akamfukuza kwa uvivu, akaajiri mwingine.

"Bibi," alisema, "tumekubaliana."

Asubuhi ya sherehe boti ya kushuka ikapiga honi, ikaondoka bila Shemeji. Aliipungia mkono kama tajiri anavyoipungia boti ya maskini. Gati lilijaa mpaka watu wakapanda juu ya kreni. Ngoma, pembe na masufuria vilikutana kwa mara ya kwanza bila kupigana, na wazee waliobubujikwa na machozi ya furaha waliwakumbatia watu waliowatukana mwezi uliopita. Boti mpya kuliko zote za Mzee Boti ilifungwa mbele kabisa, imepambwa maua. Injini yake ilikuwa ikinguruma taratibu, na kwenye usukani alikaa yule mzee mkimya wa kofia.

"Mjukuu wa kwanza," alitangaza meya.

Shemeji akatoka mbele na mkoba wa nyembe. Alimvisha Bibi mkufu. Alimvisha bangili, moja baada ya nyingine. Akamtundikia saa ya Mzee Boti kifuani. Kila kitu kilipotoka, mwenyewe alikitambua, na uso wake ukabadilika kutoka mashaka kuwa upendo. Bi Mashine alimwambia jirani yake, "Kaka yetu huyu ni mtu mwaminifu sana," akavua vipuli.

Basi hapo watu walipagawa. Tajiri wa vitambaa alipoona vipuli vya Bi Mashine, alimgeukia mkewe, naye mkewe akaanza na vidole akashuka hadi visigino. Mzee Boti, aliyekuwa ameishiwa vya kuvua, alisimama juu ya pipa akatangaza kwamba boti ile na injini yake ni mali ya Bibi kuanzia sasa. Ndugu wa mbali wakatoa pete. Meya mwenyewe, kwa kuwa kamera zilimtazama, akatoa saa yake, akacheka kwa uso ulioumia. Bibi alimshukuru kila mmoja kwa lugha yake, bila kukosea hata moja. Kisha akampiga Shemeji kofi dogo shavuni, la mapenzi kabisa, akashuka botini.

Boti ikaelekea ng'ambo. Watu wakaimba. Ikafika katikati ya mto, pale maji yanapokimbia, na pua yake ikaanza kugeuka polepole kufuata mkondo.

"Anausalimu mto," alisema mtu, na bendi zikaongeza sauti.

Shemeji akatazama kona ya kiwanda cha mbao. Boti ikaifikia kona. Boti ikaipita kona. Kwa mbali alimwona Bibi akivua kitambaa cha kichwa na kulaza kichwa begani kwa yule mpagazi, naye mpagazi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu, akamkumbatia kama mume anavyomkumbatia mke aliyezeeka naye. Shemeji alikimbia mpaka mbao za gati zikamwishia. Moshi haukupanda.

"Mbona harudi?" aliuliza tajiri wa vitambaa.

Meya akashika kipaza sauti, jasho likimtoka. "Ndugu wananchi, Bibi amechagua njia ya maji. Kama mama yake." Hakuna aliyewahi kusikia kwamba Mama Moto alichagua njia ya maji, lakini tangu siku ile mji mzima unajua, na watoto wanafundishwa shuleni.

"Na vipuli vyangu?" alinong'ona Bi Mashine.

"Na boti yangu?" alinong'ona Mzee Boti.

Wakatazamana, kisha wakautazama umati uliokuwa ukiwapigia makofi. Nani atasimama mbele ya mji na kumdai bibi yake vipuli, siku ileile aliyompata? Wakapiga makofi na wao.

Shemeji aliketi chini akalia. Hakulia kwa ufundi, na ufundi huo alikuwa nao. Alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi. Alililia duka, alivililia viti vinne na dirisha la meli, alimlilia hata mfagiaji. Muuza simu sasa angepaka ukuta rangi aitakayo.

"Mtazameni," alisema Bi Mashine, na aibu ikamjaa sauti. "Sisi tunaulizia mali. Mwenzetu anamlilia bibi."

Tajiri wa vitambaa akaja akaketi kwenye mbao zilizolowa, na suti yake nzuri, akamwekea Shemeji mkono begani. "Basi, kaka. Bibi amekwenda, sisi tupo. Hatukuachi. Utake usitake, hatukuachi." Mzee Boti akaketi upande wa pili, gati likalalamika. Shemeji akalia upya, na kilio hiki cha pili kilikuwa cha kitu gani, mwenyewe hakuweza kusema. Dhahabu ilikuwa imeshamalizika kwenye kile cha kwanza.

Bi Mashine alimwacha alie kiasi kinachofaa. Nyuma yake bendi zilikuwa zimeweka chini vyombo. Watu wa juu ya mto, wa milimani na wa ng'ambo, wenye boti na wapakiaji, wake na watoto wao, mji mzima ulikuwa umeanza kukaa chini kwa safu, taratibu, kama watu wanaokaa kwenye shughuli wakimngoja mwenye shughuli. Bi Mashine akainama hadi sikioni kwa Shemeji.

"Kaka mkubwa," alisema kwa upole, "wageni wako hawa. Watakula nini?"